Binti kavalishwa kofia ya rubani, kapigwa picha, karudi na swali. Hizi siku za kuwahamasisha wasichana zinazaa marubani au zinazaa picha?

#1 BabaMapacha
Wakuu, salamu.

Binti yangu ana miaka 14. Juzi darasa lao lilialikwa kwenye siku ya wasichana na usafiri wa anga. Wakatembezwa karakana, kisha wakaingizwa chumba cha marubani mmoja mmoja. Dakika mbili kwenye kiti cha kushoto, kofia kichwani, picha, shuka, mwingine apande. Kofia yenyewe ilikuwa moja, ikazunguka vichwa arobaini. Amerudi na beji ya karatasi, macho yanawaka. Usiku akaniuliza: "Baba, sasa naanza lini?"

Nikakosa jibu. Nikamwambia soma kwanza. Akasema hata kule waliambiwa hivyohivyo.

Sasa hoja yangu. Raymonde de Laroche alipata leseni ya urubani Ufaransa tarehe 8 Machi 1910. Zaidi ya karne imepita, na mpaka leo duniani rubani mwanamke ni kama mmoja katika ishirini. Kila mwaka tunampigia makofi "mwanamke wa kwanza" wa kitu fulani. Mimi naanza kuona makofi ndiyo yamekuwa kazi yenyewe. Anayeona tofauti anikosoe.

#2 Kipanga
Ni pesa. Fungeni uzi tukalale.

Leseni ya kurusha ndege kibiashara inataka saa 200 angani, au 150 ukipita kozi iliyoidhinishwa mwanzo mpaka mwisho. Ile ya kukuwezesha kuwa kapteni wa ndege kubwa ni saa 1,500. Kila saa hapo ina mafuta, mwalimu na matengenezo ndani yake. Mzazi mwenye watoto wawili na karo ya mmoja, atampeleka nani?

#3 Mchokozi
Pesa haina jinsia mkuu. Kijana wa kiume naye analipa karo ileile, mbona wao wapo kumi na tisa katika ishirini?

#4 Kipanga
@Mchokozi soma sentensi yangu ya mwisho, taratibu, ukifuata kwa kidole.

#5 Mwl_Mizani
Nafundisha fizikia. Wasichana wengi wanaikimbia kabla hata ya kufika umri wa kuchagua kazi, na hawakimbii kwa kushindwa. Wanaanza kuambiwa "hili somo gumu" na shangazi, na mjomba, na hata mwalimu mwenzangu wa somo la pembeni. Mtoto wa kiume anayepata arobaini anaambiwa aongeze bidii. Wa kike mwenye arobaini hiyohiyo anaambiwa abadilishe mchepuo. Siku ya kofia inakuja akiwa keshabadilisha.

#6 Tiara_7
Mimi ni rubani msaidizi, mwaka wa tisa sasa. Naombeni nafasi.

Mwl_Mizani, nakuheshimu, ila fizikia inatishwa kuliko inavyotisha. Hesabu ninayoifanya kila siku ni hii: nataka kushuka futi elfu 30, nazidisha tatu, naanza kushuka nikiwa na maili kama 90 mbele. Upepo unasukuma mgongoni, naongeza kidogo. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la nne, tofauti ni kwamba unaifanya huku watu watatu wanakusemesha.

Kilichonirudisha nyuma mimi ni kalenda. Kwa kanuni za ICAO, shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, rubani mjamzito asiye na tatizo anaweza kuruhusiwa kuruka kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26, daktari akimfuatilia. Kabla ya hapo na baada ya hapo uko chini. Ukijifungua, unanyonyesha, unarudi, unakuta siku 90 zimepita zamani bila kupaa na kutua mara tatu, kwa hiyo unaanzia kwenye simuleta, ile mashine ya kufanyia mazoezi ya kuruka ukiwa chini. Na simuleta ina foleni. Pale nilipokuwa, zamu ya kupanda kuwa kapteni ilihesabiwa kwa saa ulizoruka. Vijana niliowafundisha kutumia kompyuta ya ndege ni makapteni leo. Nawasalimia "kapteni", wanaona aibu wao kuliko mimi.

#7 Mchokozi
Pole dada. Lakini tuwe wakweli, rubani wa kiume akivunjika mguu si naye anakaa chini miezi sita?

#8 Tiara_7
Mguu huvunjika mara moja. Mimi nina watoto watatu.

#9 Shangazi_Mkali
😂😂 #8 nimecheka mpaka nimemwamsha mtu.

#10 Kumbukumbu
Naunga mkono nusu ya hoja ya mleta mada. Masahihisho mawili kwanza, mnijue.

De Laroche alikuwa wa kwanza kupata *leseni*, namba 36 ya klabu ya anga ya Ufaransa. Thérèse Peltier alisharuka mwaka 1908, hakuchukua leseni, kwa hiyo hayumo kwenye mabango. Na wanaomwita de Laroche "baroness", ule ubaroni haukuwa wa kweli. Magazeti yalimvika, naye hakuuvua.

La pili, watu hudhani 8 Machi yake ilipangwa ilingane na Siku ya Wanawake. Hapana. Alipopewa leseni siku hiyo haikuwapo. Wazo lilitolewa Copenhagen Agosti 1910, na sherehe za kwanza mwaka 1911 zilikuwa tarehe 19 Machi. Imetokea tu.

Sasa hoja. Kutambuliwa kuna bahati yake. Harriet Quimby alivuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa akiendesha mwenyewe, mwanamke wa kwanza, tarehe 16 Aprili 1912. Usiku wa kuamkia siku moja kabla ndipo Titanic ilipozama. Gazeti gani lingemkumbuka?

#11 Kipanga
Huyo Quimby alikuwa na nuksi ya kiwango cha juu.

#12 Jicho_la_Mnara
Mimi naongoza ndege, sirushi. Nimesoma yote, naona kitu kimoja hakijaguswa.

Kwa waongoza ndege, wanawake ni kama mmoja katika watano duniani. Kazi hii ina zamu za usiku, ina presha, inataka Kiingereza na hesabu za haraka kama ya Tiara_7. Mimba zipo, ndoa zipo. Mbona sisi ni wengi mara nne ya marubani? Jibu langu: sehemu nyingi mwajiri ndiye anayekusomesha, hulipii kwanza. Kwa hiyo nipo na Kipanga #2, na nipo mbali kidogo na kalenda ya #6. Msinipige mawe.

#13 Tiara_7
Hakuna mawe. Ila wewe ukimaliza zamu unalala kwako. Mimi nikimaliza zamu nalala hotelini, nchi nyingine, na maziwa yamejaa kifuani.

#14 Jicho_la_Mnara
Hapo nimenyamaza.

#15 Upepo_wa_Kusi
Mnazunguka mbuyu. Ni nyumbani. Angalieni wanaofika: Irene Koki Mutungi wa Kenya, Mwafrika wa kwanza mwanamke kuwa kapteni wa Boeing 787, baba yake alikuwa rubani. Zara Rutherford aliyezunguka dunia peke yake akiwa na miaka 19, akamaliza Januari 2022, wazazi wote wawili wanarusha ndege. Mtoto wa rubani anajua leseni inatafutwaje kabla hajajua kuendesha baiskeli. Binti wa BabaMapacha ana baba anayejibu "soma kwanza".

#16 BabaMapacha
@Upepo_wa_Kusi kisu kimefika mfupani. Endelea tu.

#17 Kumbukumbu
#15 inavutia lakini ina matundu. Bessie Coleman wazazi wake walikuwa wakulima wa pamba kwenye shamba la watu. Alikuwa akisafisha watu kucha Chicago. Shule za urubani Marekani zikamkataa kwa kuwa mweusi na kwa kuwa mwanamke, akajifunza Kifaransa, akapanda meli, akapata leseni Ufaransa Juni 1921. Na Lotfia El Nadi wa Misri, leseni 1933: alifanya kazi ya ofisini na kupokea simu kwenye shule ya urubani ili alipie masomo, nyumbani baba akidhani anakwenda kwenye vipindi vya masomo mengine. Huyo nyumbani kwake palikuwa kizuizi, si ngazi.

#18 Upepo_wa_Kusi
Unanipa watu wawili kati ya mamilioni. Ukiona mtu kapita kwenye tundu la sindano usiseme sindano ina mlango.

#19 Mchokozi
Huyu Upepo leo kanywa nini 😂

#20 SpanaNamba10
Kimenikera kimya kimya tangu #1. Uzi una mabandiko ishirini na kila mtu ni rubani, rubani, rubani. Mimi ni fundi ndege. Mwanamke, ndiyo. Sisi ni wachache kuliko marubani wanawake, na hakuna anayepiga picha na glavu.

BabaMapacha kasema walitembezwa karakana "kisha" wakaingia chumba cha marubani. Muulize binti karakana waliona nini. Nabashiri waliambiwa "msiguse".

Ningewapokea mimi ningewaanzishia kwenye ubao wa vifaa. Kila spana ina kivuli chake kilichochorwa ukutani, umbo lake kamili. Zamu ikiisha unarudisha kila kitu mahali pake. Kivuli kimoja kikibaki kitupu, ndege haiendi popote mpaka kifaa kipatikane. Nimewahi kutambaa saa mbili na tochi mdomoni nikitafuta bisibisi fupi kuliko kidole. Abiria walilalamika kuchelewa, na mimi mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuniko wa injini hadi begani. Huwa naitwa mimi kwa sababu mkono wangu unapita. Zamani walinitania, siku hizi wananitafuta.

#21 Kumbukumbu
SpanaNamba10 umenishtua, maana Bessie Coleman alikufa kwa kitu hichohicho. Aprili 1926, Jacksonville, ndege ilikuwa inaendeshwa na fundi wake, yeye kafungua mkanda ili achungulie chini akague uwanja wa maonyesho. Spana iliyoachwa ndani ikakwama kwenye mitambo ya kuongozea, ndege ikapinduka, akatupwa nje. Mwaka 2023 Marekani ikaweka sura yake kwenye sarafu. Leseni 1921, sarafu 2023. Piga hesabu mwenyewe.

#22 SpanaNamba10
Sarafu sawa. Mimi ningependa wangeweka na ile spana.

Na kwa kuwa unapenda historia, waambie habari za Beatrice Shilling.

#23 Kumbukumbu
Nilikuwa namngoja mtu aniombe 😄

Vita ya Pili, ndege za Uingereza zenye injini ya Merlin zilikuwa na ugonjwa: rubani akiinamisha pua ghafla kumfuata adui, mafuta yanavurugika ndani ya kabureta, injini inakohoa au inazima. Ndege za Wajerumani zilikuwa na mfumo wa kupuliza mafuta, wao wakipiga mbizi wanaondoka zao. Shilling, mhandisi, akabuni kipande kidogo cha shaba chenye tundu kinachobana mafuta yasipite kupita kiasi. Mwaka 1941 kikafungwa kwenye vikosi bila kuziondoa ndege kazini. Hakikuwa tiba kamili, kilishikilia mpaka kabureta bora zikaja. Marubani waliookolewa nacho wana sanamu. Yeye ana wapenzi wa historia kama mimi.

#24 Shangazi_Mkali
Naona mnakwepa jambo. Wanawake walisharuka, wakaonekana wanaweza, *wakaondolewa*. WASP wa Marekani, kikosi cha marubani wanawake 1,074 wakati wa Vita ya Pili, walirusha kila aina ya ndege za kijeshi ndani ya nchi ili wanaume waende vitani. 38 walikufa. Kwa kuwa walihesabiwa raia, hakuna heshima za kijeshi, wenzao walichangishana kusafirisha miili. Kikosi kikavunjwa Desemba 1944. Hadhi ya kijeshi walipewa 1977, medali ya Bunge wakakabidhiwa 2010, wengi wameshazikwa. Kwa hiyo mkiniambia tatizo ni fizikia au hamasa, nawauliza hawa elfu moja walikosa hamasa gani?

#25 Kipanga
Shangazi leo kashuka na panga. Ila Waingereza waliwatendea vizuri zaidi, kule ATA, kikosi chao cha kiraia cha kusafirisha ndege za vita, mwaka 1943 wanawake walilipwa sawa na wanaume. Na baada ya vita kampuni za ndege zilijaa marubani wa kijeshi waliofundishwa kwa kodi. Nani amwajiri mwanamke wakati wanaume wenye maelfu ya saa wanapanga foleni mlangoni? Mnaona? Bado tunarudi kwenye pesa: nani kalipiwa zile saa.

#26 Mchokozi
Marekani si Emily Howell Warner ndiye mwanamke wa kwanza kuajiriwa na shirika la abiria, 1973? Basi tangu hapo mlango uko wazi, miaka hamsini.

#27 Kumbukumbu
Warner 1973 ni kweli kwa zama hizi. Ila kabla yake alikuwapo Helen Richey, aliajiriwa na Central Airlines mwaka 1934. Chama cha marubani kikamkatalia uanachama, serikali ikashauri asirushe hali ya hewa ikiwa mbaya, akabaki kuruka mara chache na kupigwa picha nyingi. Mwaka uliofuata akaacha. BabaMapacha, ile kofia ya binti yako ina babu yake.

#28 BabaMapacha
Aisee. Hii ya "picha nyingi, safari chache" ndiyo niliyokuwa natafuta kusema tangu #1.

#29 Tiara_7
Naomba nizitetee hizi siku kidogo, msije mkazichinja zote.

Tammie Jo Shults, kapteni aliyetua na ndege ya Southwest Aprili 2018 baada ya injini kupasuka. Akiwa sekondari alikwenda kwenye siku ya taaluma kusikiliza habari za urubani. Mzungumzaji, kanali mstaafu, akamuuliza kama amepotea njia, maana msichana alikuwa peke yake. Siku kama zile zilikuwapo, ila zilikuwa zinawafukuza. Hii ya leo yenye kofia moja na vichwa arobaini angalau haimuulizi mtoto kama amepotea. Shults naye akaenda jeshi la majini, akarusha ndege za kivita za F/A-18.

#30 Mchokozi
Huyo aliyetua New York?

#31 Tiara_7
Alipaa New York kwenda Dallas, akatua Philadelphia. Abiria mmoja alifariki, wengine wote wakatoka. Na kwa haki, injini ilipopasuka aliyekuwa anaendesha ni rubani msaidizi wake, Darren Ellisor. Sisi wa kiti cha kulia hatutajwi.

#32 Upepo_wa_Kusi
Na zile safari za wanawake watupu, kuanzia rubani hadi mhudumu? Ethiopian 2015, Addis Ababa hadi Bangkok, ya kwanza duniani.

#33 Kumbukumbu
Ya kwanza kwa Ethiopian, si duniani. India walikuwa na marubani wawili wanawake kwenye Fokker Kolkata hadi Silchar mwaka 1985, kapteni Saudamini Deshmukh. Na India leo marubani wanawake wamevuka asilimia 12, zaidi ya mara mbili ya wastani wa dunia. Hilo ndilo tungelichimba.

#34 Kipanga
India ni soko linalokua, wanahitaji marubani kwa mamia. Njaa ya wafanyakazi haibagui.

#35 Shangazi_Mkali
India familia zina bibi na shangazi wa kulea. Tiara_7 angekuwa na mimi nyumbani leo ni kapteni.

#36 Tiara_7
Shangazi, nitumie namba yako faragha 😅

#37 Mwl_Mizani
Nimekaa pembeni nikisoma. Jambo moja dogo: jeshi la anga la Marekani mpaka 2020 lilikuwa na kikomo cha awali cha urefu kwa marubani, kuanzia inchi 64. Kwa hesabu zao wenyewe kilikuwa kinawaacha nje bila kibali maalumu kama asilimia 44 ya wanawake wa miaka 20 hadi 29. Kiti kilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine. Sifuti niliyosema #5, naongezea.

#38 SpanaNamba10
Glavu zangu mpaka leo ni saizi ya mtu mwingine. Natoka, zamu imeanza. BabaMapacha, umemuuliza binti niliyosema #20?

#39 BabaMapacha
Nimemuuliza. Kasema karakana waliambiwa wasiguse, kama ulivyobashiri. Nikamsomea bandiko lako lote, mpaka ile ya tochi mdomoni.

Hakusema kitu. Nimetoka kuoga nikamkuta kakata ubavu wa boksi, kapanga kalamu zake, rula, bikari na mkasi, kachora kivuli cha kila kimoja. Kalamu ya kijani haipo. Kasimama mlangoni, na pacha wake haruhusiwi kwenda kulala mpaka ipatikane.

#40 SpanaNamba10
Angalieni chini ya kochi, upande wa ukuta. Huwa viko huko.